Makalio ya Kukodi Kivukoni Kirumi

Kwa mwaka mzima na ushee Mbuke alipanda magari mengi kuliko mkuu wa mkoa, na hakuna hata moja lililompeleka mahali. Aliingia garini ukingo wa kaskazini wa Mto Mara, akakaa, akavushwa kwa pantoni, akashuka ukingo wa kusini, akapokea thumni yake, kisha akasimama kungoja gari la kumrudisha alikotoka. Ukimuuliza anafanya kazi gani pale kivukoni Kirumi, alikujibu bila aibu: "Nakaaga."

Kazi hiyo ilizaliwa na bei. Enzi za mkoloni pantoni ilivutwa kwa kamba. Gari lilitozwa shilingi mbili na abiria wake walishuka kusaidia kuvuta, isipokuwa mzungu, aliyebaki ndani akivuta kiko. Uhuru ulipokuja, kamba ikaondoka, injini ikaja, bei ikawa shilingi tano na kila mtu akavuka akiwa amekaa kama mzungu. Azimio la Arusha lilipotangazwa ikapanda hadi kumi, maana mwenye gari alikuwa ameshakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Halafu, wakati watu wanahamishiwa vijijini na maboma yao yanaachiwa kunguru, mtu mmoja ofisini, ambaye hakupata kuonekana Kirumi hata siku moja, akagundua kwamba kiti kitupu ni ubepari. Tangazo likabandikwa kwenye kibanda cha karani: gari lenye watu wanne au zaidi, shilingi kumi, lenye watu pungufu ya wanne, shilingi hamsini.

"Hamsini!" alipiga kelele daktari wa mifugo siku ya kwanza. "Kwa hamsini si napata mbuzi?"

"Basi panda mbuzi," karani akamjibu.

Daktari hakupanda mbuzi. Aliita watu watatu waliokuwa wanauza samaki wa kamongo, akawapa thumni kila mmoja wakae garini mpaka ng'ambo. Siku ile ile kamongo wakakosa muuzaji. Wiki iliyofuata kivuko kizima kilikuwa kimejipanga mstari, vijana na wazee, wakingoja viti vitupu, na madereva wakawabatiza jina: makalio ya kukodi. Walikuwepo waliokuwa wanaruka kutoka gari moja kwenda jingine juu ya pantoni ile ile ili wahesabiwe mara mbili, kwa hiyo ofisi ikaongeza kwamba abiria akae palepale alipo, na ahesabiwe tena akifika ng'ambo. Baadaye ikapiga marufuku kukodi kabisa. Makarani wakaendelea kutoona, kwa kuwa nao walikuwa na shemeji zao kwenye mstari.

Mbuke ndiye aliyependwa kuliko wote. Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mwenye kanga safi, na hakunuka samaki. Zaidi ya hapo alijua kukaa kama begi. Amekaa na padri, amekaa na wezi wa ng'ombe, amekaa na bwana shamba na mwanamke ambaye hakuwa bibi shamba, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia.

Lilikuwepo gari moja tu ambalo hakuligusa: Landrova ya Machage. Machage alikuwa mkulima wa pamba wa upande wa kaskazini, na Landrova yenyewe, ya paa la turubai, aliipata mgodi wa Kiabakari ulipofungwa na vyombo vyake kuuzwa. Alikuwa pia mume wa Miriamu, na Miriamu alikuwa mtoto pekee wa Mbuke. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawatajani majina, hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu, na hawakai chini ya paa moja hata kama mbingu inapasuka. Landrova ikitokea mteremkoni, Mbuke alijitia nyuma ya banda la kukaushia samaki. Machage naye, mtu mzima mwenye ndevu, aligeuza shingo kutazama upande wa pili, na mara moja nusura atumbukize gari mtoni kwa heshima.

Watu walicheka. Mbuke hakucheka. Mtoto wa kwanza wa Miriamu alizaliwa amekufa, na siku chache kabla, mvua ilikuwa imemkuta Mbuke akiwa jirani, akaingia kujikinga kwa binti yake bila kujua kwamba Machage yuko chumbani, amelala na homa. Paa moja. Ukoo wa Machage haukumshtaki mtu. Walisema tu, kwa sauti ya chini ambayo husikika mbali, kwamba uzazi wa Miriamu umefungwa na aliyeufunga anajulikana. Mbuke alilisikia neno hilo, akalimeza, na tangu hapo hakukanyaga hata kivuli cha nyumba ile.

Sasa Miriamu alikuwa na mimba ya pili, na mimba ilikuwa imetimia.

Asubuhi ya siku ile kivuko kilikuwa kitupu. Mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam, aliyelala Butiama, alitarajiwa kuvuka kwenda kukagua vijiji vipya vya kaskazini, na makalio yote ya kukodi yalikuwa yamevushwa kwenda kusini kumwimbia. Mbuke alibaki kaskazini kwa kisingizio kwamba koo linamwasha. Pamoja naye walibaki Bernado, karani wa tiketi, na Silasi wa injini. Pantoni ilikuwa na safari moja tu ya kwenda kusini. Ikifika huko ingefungwa kumngoja mkubwa, na wakubwa hawana saa.

Landrova ilishuka mteremko ikipiga honi mfululizo. Mbuke, kwa mazoea, alikuwa ameshafika nyuma ya banda kabla hajafikiri. Hapo ndipo aliposikia kilio kutoka ndani ya gari. Mama hakosei sauti ile.

"Fungua, ndugu! Nina mgonjwa!" Machage alipaza sauti gari likiwa bado linasota.

Bernado akachungulia ndani. Miriamu alikuwa amelazwa nyuma juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya Selestina, dada mdogo wa Machage.

"Mko watatu," Bernado akasema.

"Nimesema nina mgonjwa!"

"Nimesikia. Mgonjwa mmoja, msindikizaji mmoja, dereva mmoja. Hamsini."

"Pesa ya pamba haijalipwa, unajua mwenyewe. Nina kumi ya kuvukia na hii ya petroli. Nikikupa ya petroli, nitamsukuma mpaka Musoma?"

"Siyo mimi niliyeandika bei, Machage."

"Basi shika spea tairi."

"Niandike nini? Nimepokea tairi?" Bernado alijifuta jasho kwa tiketi. "Magige mkaguzi yuko ng'ambo toka alfajiri, na kalamu mbili. Anahesabu kila gari linaloshuka. Mwenzangu aliyevusha watu watatu kwa kumi yuko wapi sasa hivi? Wamempeleka porini kuhesabu magunia ya chumvi. Mimi nina watoto, jamani."

"Na mimi nataka mmoja tu!"

Hapo Bernado akakunja ile tiketi yenye jasho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mshahara. "Tafuta mtu wa nne," akasema kwa upole. "Mmoja tu. Hata kipofu. Ningeingia mimi, lakini Magige ananijua kwa sura."

Wakatazama ukingo mzima. Palikuwa na mbwa, na mbuzi wawili waliofungwa kwenye mti.

"Silasi, ingia wewe!" Selestina akaita.

"Nikiingia humo, pantoni ataendesha nani? Mbuzi?" Silasi akajibu kutoka kwenye injini. "Na fanyeni haraka, ng'ambo wameanza kupeperusha kitambaa. Kikiwa chekundu siruhusiwi kung'oa nanga."

Macho ya Bernado yakaenda polepole kwenye banda la samaki. Ya Selestina yakafuata. Machage hakutazama huko. Aligeuza shingo kwenye maji akabaki hivyo, mishipa imemsimama.

"Selestina!" sauti ikatoka nyuma ya banda. "Muulize kaka yako, uchungu umeanza lini?"

"Kaka, mama anauliza..."

"Mwambie toka jana."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Maji?"

"Yametoka usiku. Mkunga anasema mtoto amelala mlalo, hageuki. Kasema tumkimbize Musoma, akapasuliwe."

Machage akaanza kusema na mto, haraka haraka, kama mtu anayebishana na mwanasheria. "Selestina, mwambie mama hivi. Kilichokatazwa ni paa. Gari lina paa kwa sababu ya turubai. Nikilitoa, hakuna paa, juu ni mbingu, na chini ya mbingu tunakaaga sote."

Hakungoja jibu. Alirukia kamba za turubai akazifungua kwa meno, Selestina akavuta upande wa pili, na kwa kitambo kidogo Landrova ikabaki mifupa mitupu, Miriamu amekaliwa na jua usoni.

"Ngoja, ngoja," Bernado akasema, kidole kwenye tangazo. "Gari la wazi lisilo na paa limeandikwa huku chini, pamoja na malori. Hilo linatozwa kwa uzito."

"Uzito wa nini?"

"Wa mzigo."

"Mzigo upi, Bernado? Mke wangu?"

"Na mzani uko Bunda," Bernado akaongeza, karibu kulia. "Rudisha turubai, ndugu yangu. Rudisha kabla sijakuandika lori."

Machage akalirudisha. Selestina ndiye aliyefunga mafundo. Kwa desturi, gari lenye paa lilikuwa nyumba. Kwa serikali, gari lisilo na paa lilikuwa lori. Katikati ya hizo mbili alikuwa Miriamu, na Miriamu alikuwa ameacha kulia kwa sauti, anaguna tu.

Mbuke akatoka nyuma ya banda.

Alitembea ameinamisha kichwa, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, akafika nyuma ya Landrova. Machage alikuwa amekimbilia kwenye bampa ya mbele na kuipa mgongo dunia yote. Mbuke akanyoosha mkono chini ya turubai, akaugusa mguu wa binti yake. Ulikuwa wa baridi, na jua lile.

"Mama?" Miriamu akafumbua macho. Akaona kanga, akaona mkono, akaelewa watu walikuwa wanabishania nini. "Mama, usiingie. Nakuomba. Safari ile uliingia na unajua yaliyotokea. Usiingie, mama."

Neno lile ambalo ukoo mzima ulilisema kwa kunong'ona, mtoto wake wa kumzaa alilisema wazi. Mbuke alisimama pale mkono ukiwa bado kwenye mguu. Akapandisha mkono mpaka tumboni. Kichwa cha mtoto kilikuwa ubavuni, kigumu kama nazi, mahali ambapo hakikutakiwa kuwa. Kama laana ipo, akawaza, ilikuwa imeshafanya kazi yake kabla yeye hajaingia. Na kama haipo, anasimama hapa akiangalia mwanawe anakufa kwa kitu ambacho hakipo. Kwa vyovyote vile, asipokaa, hakuna safari.

Silasi akapiga king'ora. "Nang'oa! Mwenye kuvuka avuke!"

Mbuke akakanyaga ngazi akaingia.

Machage hakumwona akiingia, aliisikia Landrova ikiinama. Alikuwa ameshafungua mlango wa dereva na mguu mmoja uko ndani. Mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu siku ya kutoa ng'ombe wa mahari: akaruka kinyumenyume, akajikwaa, akakimbia hatua kadhaa na kusimama nyuma ya mbuzi.

Bernado akachungulia. "Watatu," akasema kwa huzuni. "Tena hakuna dereva."

"Kaka, rudi!" Selestina akapiga kelele.

Machage akarudi. Akashika mlango, akaona ncha ya kanga kwenye kioo cha ndani, akaruka tena. Safari hii alikaa chini kwenye tope akashika kichwa. Si kwamba hakutaka. Miguu ndiyo iliyokataa. Mtu anaweza kujilazimisha kuingia kwenye moto, lakini jaribu kujilazimisha usipige chafya.

Pantoni ikatikisika. Silasi alikuwa amefungua mnyororo.

"Machage!"

Jina lilitoka ndani ya turubai kama kitu kilichotupwa. Bernado akashika mdomo. Selestina akafumba macho. Tangu Miriamu aolewe, jina lile lilikuwa halijapata kupita kwenye meno ya Mbuke, hata alipozungumzia wanaume wengine walioitwa hivyo hivyo alisema "yule wa kule".

"Machage, nasema na wewe. Simpi Selestina neno akuletee. Kosa ni langu, wewe hukukosa kitu. Kama kuna la kunipata, linijie mimi, limeshanizoea. Sasa simama kwenye hilo tope, uingie garini, ukae, uendeshe. Ukiruka tena nitashuka nikukamate kwa mikono yangu, halafu tuone lipi baya zaidi."

Machage akasimama. Aliingia kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, polepole, akishika pumzi. Akaketi. Akafunga mlango.

"Wanne," Bernado akasema, na kuinua gogo la kizuizi kwa mikono yote miwili.

Landrova ikapanda pantoni. Injini ilikohoa, maji ya kahawia yakasukumana ubavuni, na mafunjo yakapita taratibu kupita kiasi. Mbuke alikuwa ameweka kichwa cha binti yake kifuani. Mbele yake, karibu kiasi cha kuguswa, kulikuwa na shingo ya mkwewe, ambayo hakupata kuiona hata siku moja. Ilikuwa shingo ya kawaida, yenye alama ya ndui na ukosi uliochanika. Masikio yalikuwa yamelowa, na jasho lilitiririka nyuma yake kama amemwagiwa maji. Mbuke akaangusha macho. Alijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa bafu.

"Mama," Miriamu akanong'ona, "umeniua."

"Kama nimekuua nitaambiwa na daktari. Usisukume. Pumua tu."

"Mtoto hachezi."

"Pumua."

Katikati ya mto Miriamu akanyamaza kabisa, macho yamepanda juu. Mbuke akampiga kofi shavuni. Akampiga la pili. Machage akaruka kwenye kiti, mkono ukaenda kwenye mlango, na mara hii akaushikilia usukani kwa nguvu kama anaunyonga. La tatu likamrudisha Miriamu, akaguna, na wote watatu wakavuta pumzi pamoja.

Ukingo wa kusini ulikuwa umejaa. Makalio ya kukodi ya Kirumi yote yalikuwa yamepangwa pande mbili za barabara, matawi mikononi, yakiimbia vumbi lililoonekana kwa mbali. Hana, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, ndiye aliyekuwa anaongoza. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa, na mbele yake alisimama Magige mkaguzi, suruali ya kaki imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

Akachungulia dirishani, akahesabu kwa kidole. "Wanne. Sawa." Kisha kidole kikasimama juu ya Mbuke. "Lakini huyu namjua. Huyu ndiye mama anayekaaga. Kukodi watu kumepigwa marufuku, ndugu."

"Hakukodiwa!" Selestina akadakia. "Tuna mgonjwa, fungua!"

"Mgonjwa namwona. Na watatu nawaona. Huyu wa nne ni nani wenu?"

Selestina angeweza kusema shangazi, angeweza kusema jirani. Lakini swali lilikuwa limeelekezwa kwa dereva, na dereva alikuwa ameishiwa akili ya kutunga.

"Ni mama mkwe wangu," Machage akasema, akiutazama usukani.

Magige akacheka. Alicheka kwa roho safi, hata akashika paa la gari. "Ndugu yangu, mimi kwetu ni Bunda, sikuletwa na meli. Ungesema shangazi, ningefungua. Ungesema bibi yako mzaa baba, ningefungua na salamu juu. Mama mkwe? Ndani ya gari? Na wewe umekaa hapo mbele unaendesha? Hata uongo una mipaka." Akatoa kalamu moja. "Hamsini. Na faini ya kukodi."

"Ndugu mkaguzi, mke wangu anakufa."

"Ndiyo maana nakuambia ulipe haraka."

Mbuke alikuwa na maneno mengi kinywani, na kila moja lingemthibitisha Machage kuwa mwongo, maana mama mkwe wa kweli hasemi mbele ya mkwe wake. Akafanya kitu pekee kilichobaki: akavuta kanga, akajifunika kichwa na uso wote, akaweka mikono juu ya tumbo la Miriamu.

Hapo Hana akaigeukia Landrova ili aone kinachokawiza njia. Alikuwa katikati ya ubeti. Akamwona Machage kwenye usukani. Akamwona Mbuke, kanga yake ile ambayo kivuko kizima kiliijua, nyuma ya kiti kile kile, chini ya turubai lile lile. Sauti ikamkatika kooni. Wenzake wakageuka kutazama alichokiona, na wimbo ukafa kuanzia mbele kwenda nyuma, kama taa zinazozimwa. Wanawake wakajifunika kanga usoni. Wanaume wakatazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole. Mzee mmoja aligeuka kabisa akaipa barabara mgongo. Watu waliokaa na majambazi na waongo kwa thumni moja, hawakuweza kulitazama gari lile.

"Mbona mmenyamaza?" Magige akafoka. "Imbeni! Mkubwa huyo anakuja!"

Hakuna aliyeimba. Magige akazungusha macho kwenye mistari ile miwili ya migongo na kanga. Akarudi dirishani. Akamtazama Mbuke aliyejifunika kama maiti, akaitazama shingo ya Machage. Kicheko kilichokuwa kimebaki usoni kikaondoka kipande kipande. Yeye mwenyewe alikuwa na mama mkwe, ambaye alimjua kwa kikohozi tu.

"Ni kweli," akasema. Akavua kofia, akaangalia chini haraka kama aliyeingia mahali asipotakiwa. "Jamani, ni kweli. Piteni. Nasema piteni!"

Kizuizi kikapanda. Landrova ikapanda mteremko ikivuma, na pale juu ikapishana na gari jeusi lenye bendera, ambamo kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kichwa kimoja tu. Gari lile halikuhesabiwa. Mkubwa alipokelewa kwa kimya kizito, matawi yakiwa chini, na baadaye alisifu mkutanoni kwamba watu wa Mara wanajua kutafakari.

Kutoka pale hadi Musoma Machage aliendesha kama mwizi. Watu wa Makutano hawakuiona, wa Nyakato waliiona kwa sababu ya mbuzi aliyenusurika. Hospitalini wauguzi wawili walimtoa Miriamu kwenye magunia, mlango wa bembea ukamla, na kukabaki ukumbi mrefu, harufu ya dawa na benchi moja.

Machage akatoka nje kusimama juani. Nesi akamfukuza arudi ndani, akidai wanaume wanaosimama nje huvuta sigara. Selestina akakaa katikati ya benchi, Mbuke mwisho huu, Machage mwisho ule, kila mmoja akitazama ukuta wake. Kila mlango ulipogonga, benchi zima lilitetemeka, na haikujulikana ni nani anayelitetemesha. Selestina akaitwa akachote maji. Nafasi ya katikati ikabaki tupu.

Muda ukapita. Kutoka ndani hakukusikika mtu mzima wala mtoto.

"Mama," Machage akasema na ukuta.

Mbuke alisubiri mtu amletee neno hilo, na mtu hakuwepo.

"Akifa," Machage akaendelea, "watasema ni wewe. Nitawaambia mimi ndiye niliyekuita uingie."

"Hukuniita. Niliingia mwenyewe."

"Nitasema nilikuita."

Mbuke akalitazama bati la dari. Koo kweli lilikuwa linamwasha sasa. "Na asipokufa?" akauliza.

Machage hakuwa ameifikiria hiyo. Mlango ukafunguka, nesi akatoa kichwa, kofia imepinda.

"Nani wa Miriamu?"

Wakasimama wote wawili kwa pamoja, benchi likaanguka.

"Yuko hai. Amepoteza damu nyingi, lakini yuko hai. Mtoto wa kike, amechelewa kulia, sasa hanyamazi." Nesi akainua kidole. "Aingie mmoja. Nimesema mmoja, siyo ukoo."

Wakaenda wote. Mlango ulikuwa mwembamba, na wakafika pamoja, wakakwama hapo bega kwa bega, Machage amerudisha shingo nyuma ili mama mkwe apite, Mbuke amerudi nusu hatua ili baba mtoto apite, nesi akiwavuta kwa ndani na kuwauliza kama ni wazima. Kutoka ndani Miriamu akaita. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayeamka, na hakusema anamwita nani.

Wakaingia.